Habari za Mbali na Jirani wa Karibu

Neno letu la leo latoka Injili ya Luka, mlango wa 10, habari ya Msamaria mwema.

Ukitembea hapa mjini Isiolo utaona madishi ya televisheni juu ya mapaa ya mabati. Yako yaliyotazama juu moja kwa moja, kama bakuli zinazokinga mvua. Sababu ni kwamba sisi tu karibu sana na ikweta, na setilaiti inayoleta picha hizo imewekwa juu ya ikweta iyo hiyo, kwenye nyuzi 36 mashariki, karibu na utosi wetu. Mwezi wa Machi 2024 ilirushwa mpya ya mahali hapo, Eutelsat 36D, kutoka Florida, Marekani.

Iko umbali wa kilomita 35,786 juu yetu. Twaiona kama imesimama tuli, kumbe yakimbia kiasi cha kilomita 11,000 kwa saa, ikizunguka sawasawa na dunia. Ndiyo maana dishi likiisha kufungwa halihitaji kugeuzwa tena. Picha hupanda huko na kushuka hata sebuleni kwa robo ya sekunde tu.

Twamshukuru Mungu aliyempa mwanadamu akili hiyo. Lakini hebu tujiulize: habari za bao lililofungwa Uingereza zatufikia mara moja, je, habari za nyumba ya pili zachukua siku ngapi? Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa. Je, tulijua ni jiko lipi la jirani halikuwashwa moto tangu juzi? Au, kwa kuwa yeye ni Mborana na sisi Wameru, yeye ni Mturkana na sisi Wasamburu, tulisema, "Huyo ana watu wake"?

Kuhani na Mlawi hawakukosa macho. Walimwona majeruhi, wakashika njia yao. Aliyesimama ni mtu wa taifa ambalo Wayahudi hawakupatana nalo.

Fundi wa madishi ajua jambo hili: dishi likihama kidogo tu, picha hupotea, ingawa mawimbi yangali yanashuka pale pale. Ndivyo ulivyo moyo. Kilio cha jirani hakijakoma. Ni sisi tuliogeuka upande.

Basi jioni ya leo, kabla ya kuwasha televisheni, na tuvuke ua tukabishe hodi mlango mmoja. Tusiulize kabila. Tuulize, "Mmeshindaje?", na kama tuna kibaba cha unga, tukichukue.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetujia tulipokuwa mbali, elekeza mioyo yetu kwa jirani aliye karibu. Amina.