Pilau ya Watu 200 Ufukweni

Wasikilizaji wetu, mtaa wenu ukipanga mandari ya ufukweni Kigamboni, hesabuni watu kwanza, ndipo mwende sokoni. Kilo 1 ya mchele hutosha takriban watu wazima 8. Kwa watu 200, nunueni kilo 25. Nyama nayo kilo 25, na ikiwa ya mifupa, ongezeni. Watoto wawili wahesabiwe kama mtu mzima mmoja. Kachumbari isiwaumize kichwa. Maji ndiyo husahaulika: wekeni lita 1 kwa kila mtu, maana jua la pwani ni kali. Na tafadhali sana, pilau ikishaepuliwa, isikae zaidi ya muda wa saa 2. Joto likipita nyuzi 32, saa 1 tu. Kilichozidi hapo kimwagwe, hata kama roho inauma.