Simu Isianguke Njiani

Hotuba kwa wapokea simu wa ofisi za Kasese na Bwera, pamoja na viongozi wa vijiji vya mpakani

Tuzungumze juu ya chombo ambacho kila mmoja wetu anadhani anakijua.

Nakusudia simu ya ofisi, yaani ule mtambo unaounganisha meza nyingi kwa namba moja. Namba kuu hulia kwenye kaunta, na anayepokea huipeleka simu kwa mkuu wa kituo, kwa mpelelezi, kwa mhasibu au wodini. Ofisi nyingi zinao mtambo huo, lakini vitufe vyake vingi havijapata kuguswa, na vile vinavyoguswa mara nyingine hutumika vibaya.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa askari kijana katika kituo kimoja chini ya milima, simu ililia usiku wa mvua. Mzee mmoja aliniambia kwamba mto ulikuwa ukinguruma na mawe yalikuwa yakibiringika. Nilimwambia asubiri, nikabonyeza kitufe, nikaenda kumtafuta mkubwa wangu. Niliporudi, laini ilikuwa kimya. Salio la yule mzee lilikuwa limekwisha huku akisubiri, na mimi sikuwa nimeandika namba yake wala jina la kijiji chake. Alifika kituoni kwa miguu alfajiri, amelowa mwili mzima. Watu wote walikuwa wamenusurika, lakini mbuzi wake na jiko lake vilikuwa vimekwenda na maji. Hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu, mimi nilikupigia.” Maneno hayo ninayo hadi leo.

Kosa hilo halikuanza kwetu. Mwezi Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole jijini London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyejaribu kuwaita wazima moto aliwekwa kwenye foleni ya simu, akabaki akisubiri huku moto akiuona kwa macho yake. Malalamiko yake yalifika gazetini, na mwaka 1937 London ikaanzisha namba maalumu ya dharura, 999. Namba hiyo ndiyo tunayoitumia Uganda hadi leo.

Kwa hiyo kitufe cha kusubirisha kina sharti lake. Kabla ya kukibonyeza, andika mambo matatu: namba ya mpigaji, mahali alipo, na jambo lenyewe kwa maneno machache. Kumbuka pia kwamba anayesubiri ndiye anayelipa. Ukiona utachelewa, mwambie akate, kisha umpigie wewe mara moja kwa gharama ya ofisi.

Kitufe cha pili ni cha kuhamisha simu. Mitambo mingi ina njia mbili. Kwa njia ya kwanza, unabonyeza namba ya ndani na kuweka mkono wa simu chini, na mpigaji anakwenda kulia kwenye meza ambayo huenda haina mtu. Kwa njia ya pili, unamsubirisha mpigaji, unazungumza kwanza na mwenzako, unamweleza ni nani na ana shida gani, kisha ndipo unawaunganisha. Tumieni hiyo ya pili. Mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga hamwachilii mpaka ahisi kwamba mwenzake ameshamshika. Simu nayo ihamishwe hivyo. Mwenzako asipopokea, rudi kwa mpigaji na umwambie ukweli.

La tatu ni kuielekeza simu kwingine baada ya saa za kazi. Mtambo unaweza kuagizwa kwamba kuanzia jioni, simu ya meza ilie kwenye simu ya mkononi ya afisa wa zamu. Hili ni jambo jema, lakini lina ufa wake: afisa akipata uhamisho, wito wa watu wa Bwera humfuata hadi wilaya nyingine, na hakuna anayejua. Kila zamu inapobadilishana, mtu mmoja apige namba kuu kutoka nje na asikilize inalia wapi. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

La nne ni mazungumzo ya watu watatu. Hapa kwetu kitufe hiki kina thamani kubwa. Askari aliyetoka Teso au Acholi huenda anajua Kiingereza na Kiswahili, lakini mama anayepiga simu anasema Lhukonzo tu, au mgeni kutoka Kasindi anasema Kinande na Kifaransa. Muunganisheni mkalimani kwenye laini hiyo hiyo badala ya kumwambia mpigaji arudi kesho. Chagueni mapema watu wawili au watatu wanaoaminika, na namba zao mziweke kwenye vitufe vya haraka.

La tano linahusu namba inayoonekana kwenye kioo. Simu ya Uganda huanza na 256, na ya Kongo 243. Msimdharau mtu kwa sababu ya namba yake. Tena mitambo mingi hufungwa isipige nje ya nchi ili kupunguza gharama. Penginepo huo ni uangalifu mwema. Mpondwe, kufuli hiyo inamfungia jirani tunayemwona kwa macho kutoka darajani. Ombeni walau meza moja ifunguliwe.

La sita ni kipaza sauti. Anayeleta habari za wageni wasiojulikana au za magendo anahatarisha maisha yake. Ukifungua kipaza sauti penye watu wanaongoja kwenye kaunta, umemtangaza. Inua mkono wa simu, au hamisha simu kwenye chumba chenye mlango. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu nayo inatutaka tutunze tunayoambiwa.

Mwisho, umeme. Mtambo unaotegemea intaneti hufa pamoja na umeme. Uwekewe betri, na pembeni iwepo simu ya kawaida ya mkononi iliyojaa chaji, ambayo namba yake imebandikwa mlangoni.

Ndugu zangu, kwa nini tunasumbuliwa na vitufe? Kwa sababu mahali hapa habari ikichelewa, watu huumia. Juni 2019 mtoto aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo alipatikana na Ebola, akahudumiwa Kagando na kisha Bwera. Siku zile kila aliyekutana na mgonjwa alipaswa kutafutwa haraka. Mei 2020 mito ya milima ya Rwenzori ilifurika, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa na maji ya Nyamwamba. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Sisemi kwamba simu ingeyazuia hayo. Nasema kwamba baada ya kuwazika watoto wale, hakuna ofisi hapa yenye ruhusa ya kuiacha simu iangukie kati ya meza mbili.

Nanyi wananchi mna sehemu yenu. Mkipiga, anzeni na mahali: kijiji, parokia, na alama inayojulikana, kama kanisa, msikiti au kinu cha kahawa. Kisha semeni jambo lenyewe. Ulizeni jina la aliyepokea, na kama ni taarifa ya kesi, ombeni namba yake katika daftari la kituo. Mkisubirishwa na laini ikawa kimya, msikate tamaa: pigeni 999, ambayo hailipiwi, au mwambieni mwenyekiti wa kijiji apige.

Wapokea simu, ninawaachia kazi moja ya leo. Mkirudi ofisini, kila mmoja apige namba kuu ya ofisi yake akiwa nje, kama mwananchi asiyejulikana, ahesabu milio na asikilize anavyojibiwa. Mkiona aibu kwa mnayoyasikia, rekebisheni kabla jua halijatua. Yule mzee angali ananipigia moyoni, nami kila simu inapolia huwa naipokea kana kwamba ni yeye.