Kijiji cha Kolo na Wenyeji Wake



Sisi tushikao kalamu tumezoea kukijua kijiji kwa jalada lake: idadi ya watu, hali ya mazao, barua isiyojibiwa. Leo twaomba kuwasimulia habari za kijiji kidogo ambacho jalada halikitoshi. Jina lake Kolo, nacho kipo kaskazini ya mji wa Kondoa, katika nchi ya Warangi, kando ya barabara iendayo Babati.

Apitaye kwa gari huona nyumba na mashamba, kisha kijiji kimekwisha. Walakini ukiiacha barabara na kupanda vilimani kwa miguu, kati ya miti na mawe makubwa, wafika penye majabali yaliyoinama kama paa la nyumba. Chini yake mna picha. Zile za kale ni nyekundu: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba; ni kazi ya wawindaji. Nyeupe ni za baadaye, za watu waliolima na kufuga. Bibi Mary Leakey alizinakili nyingi mwaka 1951, akazitoa kitabuni mwaka 1983. Na mwaka 2006 UNESCO ikaziandika katika Urithi wa Dunia.

Lakini lililotutia fikira si picha peke yake. Penye jabali liitwalo Mongomi wa Kolo wenyeji wangali wakifanya matambiko, kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa. Hapo ndipo penye mgogoro. Watunzaji wa mambo ya kale husema pombe irushwayo ukutani huharibu rangi. Wenyeji nao wapaona mahali pale kuwa pao tangu zamani, kabla ya sheria yo yote. Nani ana haki?

Sisi twaona hivi. UNESCO ilipoikubali Kondoa haikuhesabu picha tu, bali na matambiko yaliyo hai. Basi kuyakataza ni kukata nusu ya kile tunachodai kukilinda. Tena majabali ni mengi, na walinzi wenye mshahara ni wachache. Wamekwisha kuja watu wakachimba mashimo karibu na picha, wakitafuta mali waliyodhani ilifichwa na Wajerumani. Nani atamwuliza mgeni mwenye sururu, kama si mwenyeji apaheshimuye mahali pale? Ukimfukuza huyo, umemfungulia mchimbaji mlango.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga chapa amri yo yote, yatupasa kuketi na wazee na kupatana nao: tambiko lifanywe, pombe imwagwe chini, mbali na ukuta, na wazee wenyewe wawe wasimamizi wa sharti hilo. Neno walilolikubali watalishika hata siku ambayo afisa hayupo.

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukienda Kolo na makatazo matupu mkononi, mwenyeji atapona kwa lipi?