Daftari la Ajali na Wajibu wa Makarani



Ajali itokeapo, twazoea kuandika neno moja tu: uzembe. Faili hufungwa, na barabara yabaki vile vile ikimngoja mwingine.

Huko Uswidi, mwaka 1997, Bunge lilikata shauri kwamba, kwa kuwa mwanadamu hukosea, wajengao barabara nao wawajibike. Idara ya barabara ikachunguza kila ajali iliyoua, na baadhi ya njia zikatiwa uzio wa nyaya katikati, magari yasigongane uso kwa uso. Mwaka ule walikufa watu 541. Mwaka 2019, watu 221.

Basi sisi tuandike mahali, saa, kona, mwanga na mwendo. Mhandisi hatengenezi asichoarifiwa. Kalamu yetu ikilala, alipaye ni mpita njia.