Mgeni katika atelye



Tuchukue mfano wa atelye moja ya mekanika hapa Likasi. Analetwa kijana kutoka Mbuji-Mayi, ameandikwa kazi. Kifaransa anakijua, Tshiluba ndiyo lugha ya mama yake, lakini Kiswahili anakivunja. Kapita anamwomba klee ya kumi na saba, yeye analeta ya kumi na tisa. Watu wanacheka. Saa ya kula bukari anakaa peke yake karibu na mlango. Juma la pili mnasema: "Anajivuna." Juma la tatu: "Hajui kazi. Arudi kwao."

Wewe unayenisikiliza, nakuuliza: ni nani aliyemwonyesha kazi?

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaruhusu mfanyakazi mpya ajaribiwe: mwezi 1 kwa yule asiye na ufundi, na miezi isiyopita 6 kwa wengine. Kinachojaribiwa ni kazi yake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu kudhulumiwa katika kazi kwa sababu ya asili yake. Mimi nimesoma sheria, lakini najua sheria haiingii ndani ya sahani ya bukari. Pale penu ni ninyi mnaoamua kama mgeni atafaulu, kwa kumwonyesha au kwa kumficha.

Na hapa kwetu neno "arudi kwao" lina historia. Mwaka 1992 Wakasai walifukuzwa Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Wengi walizaliwa hapa, wazazi wao waliletwa na Union Minière. Walilala stesheni wakingojea treni, na wengine walikufa humo, watoto pia. Maneno yaliyotangulia mateso hayo yalihusu sana kazi: nani ana cheo, nani anakula mshahara wa nani.

Nasikia mwenyeji mmoja akijibu: "Na mtoto wangu anayekaa bila kazi?" Kilio hicho ni cha kweli, wala sikidharau. Lakini anayeandika watu kazi ni patron. Kipeleke kilio chako kwa delege wa sendika, akiweke mezani mwa patron. Yule kijana aliomba kazi tu, kama mtoto wako anavyoomba.

Mgeni naye ana deni lake. Ajifunze Kiswahili, asalimie watu asubuhi. Akikutana na mtu wa kwao, wasizungumze Tshiluba juu ya kazi mbele ya wenzao wasioelewa; hapo ndipo watu wanaanza kuwaza mabaya.

Kapita, ukiombwa uandike ripoti mbaya juu yake, andika kosa la kazi, siku na mahali. Kabila si sababu ya kumfukuza mtu. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Kazi kinalikataa. Aliyefukuzwa hivyo aende kwanza kwa inspekta wa kazi kutafuta mapatano, kwa maana tribinali haipokei shauri ambalo halijapita huko.

Lakini kabla ya hayo yote, kesho asubuhi mpe mtu mmoja wa kufanya naye kazi. Amfundishe kwanza neno "Toka!" Chuma kizito kikikatika kwenye mnyororo, hakuna nafasi ya kutafsiri.