Kalamu ya Mfungwa Mwenzake
Msikilizaji wetu wa Lyulilo, hapo ulipo kwenye soko la vyungu, Sheria ya Bodi za Parole ya Tanzania ya mwaka 1994 yaweza kumhusu ndugu yako aliyefungwa. Parole ni kumalizia sehemu ya kifungo uraiani chini ya uangalizi. Si msamaha, na mwenye kifungo cha maisha hahusiki. Jalada ndilo humsemea mfungwa mbele ya bodi, na asiyejua kuandika aweza kuachwa nyuma hata kama amejirekebisha. Ndiyo maana inafaa mfungwa mwenye kalamu amwandikie mwenzake barua ya jalada, bila kubembeleza: kazi gani amejifunza gerezani, atalala nyumba ya nani, ataishi kwa kuvua au kulima mpunga.

Wapo wasemao mhalifu atamtungia mhalifu uongo. Aliyeumizwa ana haki ya kuhofu hivyo. Lakini barua haifungui geti. Bodi huipima kwanza, na uongo huumbuka wanakijiji wakiulizwa. Tena nchini Kenya na Uganda, wafungwa waliofundishwa sheria na taasisi ya Justice Defenders huwasaidia wenzao. Nawe msikilizaji, ukienda kumtembelea ndugu yako, mwambie kama utampokea, na jina la kitongoji chenu liandikwe sawasawa kwenye barua.