Mstaafu, Kijana na Kiti Kimoja cha Kazi

Nakala ya maongezi yaliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata



Kila tangazo la kazi za muda linapobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, maneno yaleyale huzuka. Kijana mwenye cheti, aliyekaa nyumbani miaka mitatu, husoma orodha ya waliochaguliwa, akaliona jina la mwalimu mstaafu na kuuliza: huyu si anapokea pensheni kila mwezi? Mstaafu naye, akipita mbele ya kijiwe na kuisikia minong'ono, hujibu kwamba alipokuwa akiwafundisha hao kusoma, hakuna aliyemwambia apumzike. Maneno hayo yalisikika wakati wa kutafuta makarani wa Sensa ya 2022, ingawa safari ile lawama nyingi ziliwaangukia watumishi walio kazini. Husikika pia kwenye shule binafsi, maduka ya dawa, malindo na jumuiya za watumia maji.

Ni vema kwanza mfuko wa mstaafu ufunguliwe, maana wengi huusemea bila kuuona. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na kwa lazima akifikisha 60. Kwa kikokotoo kilichoanza Julai 2022, miezi ya utumishi hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu ya kulipwa kwa mkupuo ilikuwa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa watumishi wengi. Achukuliwe kwa mfano mwalimu aliyetumika miaka 30, ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mkupuo wake huwa takriban milioni 37, na kila mwezi hupokea takriban shilingi 372,000.

Milioni 37 husikika nyingi zikitajwa kijiweni. Zikifika nyumbani hukuta nyumba isiyoezekwa, mkopo wa benki usiokwisha na mtoto wa mwisho aliyeko chuoni. Bima ya afya ya mstaafu humhudumia yeye na mwenza wake. Wajukuu anaowalea hawamo. Na huyo ndiye mwenye nafuu. Dereva wa lori au mlinzi aliyefanya kazi miaka 35 kwa waajiri wasiomchangia popote anazeeka bila hata shilingi moja ya pensheni, ilhali mtaani naye huitwa mstaafu. Tena mara nyingi kijana anayelalamika hula ugali ulionunuliwa kwa posho ya mzee anayelalamikiwa, na wote wawili hulala chini ya paa moja.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Sekretarieti ya Ajira ilipoanza usaili wa walimu Januari 2025, waombaji walizidi 200,000, na nafasi zilikuwa zaidi kidogo ya 14,000. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, zikaombwa na watu zaidi ya 135,000. Kijana anayeshindwa huko hugeukia sekta binafsi, akakutana na sharti la uzoefu wa miaka mitatu. Na mahali pa kuupata uzoefu huo hapaoni. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 humhesabu kijana hadi miaka 35. Wapo watakaouvuka mpaka huo kabla ya kutia sahihi mkataba wao wa kwanza. Mtu wa miaka 33 anayeambiwa kuwa vijana ni taifa la kesho ana haki ya kuuliza kesho hiyo huanza saa ngapi.

Kati ya wawili hawa yupo wa tatu, asiyetajwa kijiweni, na ndiye apataye faida: mwajiri. Mwenye shule binafsi akimtaka mwalimu wa hesabu, mstaafu atakubali mshahara mdogo kwa kuwa ana pensheni ya kuongezea. Hahitaji kufundishwa kazi. Mara nyingi hadai mkataba, wala hadai mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Kijana anayepaswa kupanga chumba, kula na kuanza familia kwa mshahara huohuo hawezi kuupokea. Akiukataa, huitwa mvivu. Kwa lugha nyepesi, pensheni iliyochangwa kwa miaka 30 imegeuka ruzuku kwa mwenye shule. Mstaafu anapunjwa, kijana anafungiwa mlango, kisha wawili hao wanatazamana kwa jicho baya.

Sheria haikuwasahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa umri kazini, nayo humlinda mzee sawasawa na inavyomlinda kijana. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Kima cha chini cha mshahara nacho hakina bei ya mstaafu na bei ya kijana. Upungufu uko kwenye kudai.

Jambo linalohitaji maneno mengi zaidi ni maji. Huduma ya maji vijijini husimamiwa na RUWASA, iliyoundwa chini ya sheria ya 2019, na uendeshaji wa kila siku umo mikononi mwa jumuiya za watumia maji, ambazo huajiri mafundi wao. Kwenye skimu za zamani, ramani ya mabomba haimo kabatini. Imo kichwani mwa fundi mmoja aliyeyafukia mabomba hayo alipokuwa kijana. Yeye ndiye ajuaye valvu ipi imezikwa chini ya mwembe, wapi bomba la chuma limeungana na la plastiki, na kwa nini tangi la juu hujaa usiku tu. Kijana anayekuja na cheti cha VETA anaweza kumzidi mzee kwa mambo mengi, pampu za umeme wa jua zikiwamo, lakini mwembe ule haumo kwenye mtaala wa chuo chochote.

Kumwondoa mzee kwa siku moja ni kuufukia ujuzi wake pamoja na mabomba. Kumwacha mpaka nguvu zimwishie ni kuiahirisha hasara ileile: siku akiugua, akina mama wanarudi mtoni. Na ukweli usemwe, wapo mafundi wazee wanaoficha. Huenda kufungua valvu wakiwa peke yao, na kijana akiuliza hupewa spana azishike. Hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Wamewaona wenzao waliofundisha kila kitu, kisha wakaachwa mwezi uliofuata bila hata asante. Ujuzi umekuwa bima yao pekee. Ndiyo maana kumwambia mzee "mfundishe huyu kijana" hakutoshi. Anataka kuona kwenye karatasi kwamba kufundisha kunalipwa, kwa muda gani, na baada ya hapo atakuwa nani.

Karatasi hiyo si ngumu kuandika. Mzee na kijana wanaweza kupewa mkataba wa makabidhiano wa miezi 12, wakatembea njia ya bomba pamoja, kila valvu ikawekewa alama na kuandikwa kwenye daftari linalotunzwa na jumuiya, si nyumbani kwa fundi. Muda ukiisha, kijana anashika kazi, na mzee anaitwa kwa malipo ya siku pale anapohitajika. Gharama yake ni posho ya pili kwa mwaka mmoja. Jumuiya inayokusanya mapato ndoo kwa ndoo itaiona nzito, na hilo halikataliki. Wanachama wailinganishe na wiki tatu za kuchimba huku na huku kutafuta bomba lisilojulikana lilipopita.

Kwa kazi za siku chache, kama za makarani na waandikishaji, jibu ni jepesi zaidi. Kuandika majina kwenye kishikwambi hakuhitaji uzoefu wa miaka 30. Wawili wakifaulu usaili sawasawa, atangulie asiye na kipato. Hapo mstaafu mwenye pensheni anaombwa aachie. Kigezo kiwe kipato, si mvi, kwa maana mlinzi mzee asiye na pensheni yumo kwenye shida ileile ya kijana. Orodha ya waliochaguliwa nayo ibandikwe pamoja na sababu. Sehemu kubwa ya uchungu wa vijana haitokani na mstaafu kupata kazi, bali na kutojua aliipataje; na jina lisilo na maelezo husomwa kuwa jina la ndugu wa mkubwa fulani.

Jumuiya za maji zina mikutano ya wanachama. Mwanachama yeyote, mzee au kijana, anaweza kusimama humo na kuuliza maswali mawili: daftari la valvu liko wapi, na fundi akiugua kesho nani atafungua maji?

Anayefanya kazi bila maandishi yoyote, au aliyeachishwa kazi bila haki, aende kwa afisa kazi wa mkoa au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Siku hizo huhesabiwa tangu jambo lilipotokea, si tangu lilipofikishwa ofisi ya kata.